Kikombe cha Jamu ya Mapera

Safu ya juu ya keki iliteleza polepole, kama mtu anayetoka kanisani mahubiri yakiendelea, ikaegemea upande, kisha ikaanguka mezani. Jamu ya mapera ikaifuata. Katika ukumbi wa kanisa pale Shieywe, wenzangu wa darasa la jioni la kuoka waliacha miiko yao. Binti yangu Mitchel, aliyekuja kunipitia twende nyumbani, alisimama mlangoni akitazama.

Harusi yake ilikuwa imekaribia. Nilikuwa nimemwomba aniachie keki niioke mwenyewe, naye akasema aone kwanza hii ya darasani ndipo aamue.

"Mama," aliniambia njiani, "wakwe wanatoka Likuyani. Tununue tu keki town."

Nilikuwa narudia hesabu kichwani. Maelekezo yalitaka jamu gramu mia tatu na ishirini. Mizani ya darasa iliharibika, kwa hiyo mwalimu wetu Beverlyne akatuambia tutumie vikombe. Kikombe kiliandikwa mia mbili na hamsini. Nikaona ni kimoja na robo hivi, kisha nikarundika juu. Nilikosea wapi?

Kurundika nilijifunza kwa mama, sokoni Matete. Aliuza mahindi kwa gorogoro, ule mkebe ambao kwetu ni kilo mbili bila maswali. Alijaza mpaka punje zianze kumwagika kando, ndipo akamimina kwenye mfuko wa mteja. Muuzaji aliyepangusa juu kwa kiganja alisemwa mpaka mtoni. Nilikua nikijua kwamba mkebe ni kilo, na kilo ni mkebe.

Kabla ya kulala nilipiga magoti. Nilimwomba Mungu anifungue akili, maana shule niliiacha nikiwa mdogo, na kuna mambo ambayo watu husema haraka kana kwamba kila mtu alikuwepo yalipofundishwa.

Kipindi kilichofuata, Beverlyne alikuja na mizani ya Osiako mwenye bucha, bado inanuka nyama. Akapima kikombe cha unga. Akakiosha, akakikausha, akapima cha jamu. Jamu ilizidi unga zaidi ya maradufu. Kikombe kimoja tu, bila rundo, kilifikisha gramu zote nilizotafuta.

"Kikombe ni kilekile?" niliuliza.

"Kilekile, Mama Mitchel."

"Basi mojawapo inadanganya. Kikombe ama mizani."

Walicheka. Khaemba, mkata miwa aliyekaa nyuma yangu, akasema, "Mama, trela la miwa na trela la majani makavu, wewe utasukuma gani?"

"Kikombe kinapima nafasi," Beverlyne alisema kwa upole. "Ile mia mbili na hamsini ni mililita, si gramu."

Nilikubali kwa kichwa, lakini ndani kulijaa ukungu. Kama gorogoro ya mahindi ni kilo mbili, gorogoro ya omena, vile visamaki vikavu, je? Na mama, miaka yote ile, alikuwa akipima nini?

Jumamosi nilioka tena, jikoni kwangu. Mitchel alikaa kwenye kigoda. Nilijaza kikombe jamu, nikashika kisu nisawazishe juu. Mkono ukakataa.

"Unangojanga nini, Mama?"

"Naona kama ninakunyima."

Alininyang'anya kisu, akapangusa mwenyewe, akalamba kilichobaki. Kisha akangoja keki ipoe, akaigusa kwa kidole, akaisukuma kidogo. Haikuteleza.

"Utaoka," alisema. "Lakini kupima nitapima mimi."

Siku ya harusi keki ilisimama wima mpaka ilipokatwa. Hesabu ile bado ilinichanganya, nami niliendelea kuiombea. Nilipofika kwenye meza ya wageni wa Likuyani, mama mkwe wa Mitchel alinyoosha sahani. Nikamwekea kipande, kisha kingine juu yake, kikaning'inia ukingoni.

Nilipoinua macho, Mitchel alikuwa kando yangu, ananitazama. Alinyoosha mkono, akakishika kile kipande kisianguke.