Dakika Zote za Verlin

Msimu mzima Verlin Aasgaard, kapteni wa timu ya chuo, hakuwahi kutoka uwanjani. Mechi saba za futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi na kukumbana, zote wamefungwa, na zote alizicheza mwanzo hadi mwisho, katikati ya mstari wa mbele: wakishambulia yupo, wakizuia yupo. Chuo chao kilibakiwa na wachezaji kumi na saba, na sheria ya mwaka ule wa 1954 haikuwa na huruma: ukitoka, hurudi mpaka robo ile ya mechi iishe. Kwa hiyo kutoka kulikuwa aibu. Watu walicheza na vidole vilivyovunjika. Verlin alikuwa hoi, lakini alitaka kushinda mechi moja, moja tu, kabla hajarudi kukamua ng'ombe wa baba yake. Hii ya nane ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Robo ya tatu, bila kwa bila, upepo wa Dakota, kaskazini mwa Marekani, unakata masikio. Jitu la upande wa pili lilimpitia juu na kuendelea na safari zake. Verlin alijaribu kuinuka, miguu ikagoma. Akainua mkono.

"Umevunjika?" akauliza Kocha Tollefson, ambaye siku za kazi hufundisha kemia.

"Hapana, Kocha. Nimechoka."

Kocha akamgeukia Duane Kittelson, mwembamba wa kwaya ambaye jezi yake ilikuwa bado inanukia sabuni.

"Ingia. Na usiwaimbie, wakumbe!"

"Nikifa, mama apewe viatu," Duane akasema, akakimbia.

Verlin akajifunika blanketi. Wapinzani wakaupeleka mpira katikati, palepale alipokuwa akisimama yeye, bila hata kufikiri. Duane akawasimamisha. Wakarudia. Akawasimamisha tena.

"Mbona wanapita katikati tu?" Verlin akauliza.

Kocha akatazama viatu vyake. "Wanapita hapo tangu mwezi wa kumi, mwanangu. Tangu nguvu zilipokuishia."

"Na hukuniambia!"

"Ulivyokuwa unajivunia dakika zako? Nilishindwa."

Ilimuuma kuliko kipigo chochote cha msimu ule. Tangu mwezi wa kumi, mlango uliokuwa wazi ni yeye.

Filimbi ikalia, robo ya nne. "Sasa unaruhusiwa," Kocha akasema. "Unarudi?"

Verlin alitamani kurudi, alitamani sana. "Mwache Duane," akasema.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili Duane alipomkumba mbeba mpira kifuani. Mpira ukaruka juu, mwenzake Duane akaudaka na kukimbia nao mpaka mstari wa mwisho. Pointi sita kwa bila, na hivyo ndivyo mechi ilivyokwisha. Watu wazima walilia, wengine wakarusha kofia wasizione tena.

Duane alikuja akichechemea, jezi yote tope.

"Tumeshinda, Kapteni! Lakini sijiwezi. Wewe mechi saba uliwezaje?"

"Sikuweza," Verlin akasema. Akavua blanketi, akamfunika, akamsogezea nafasi kwenye benchi. "Kaa, bwana. Mimi nilichelewa kukaa."