Mkono Uliokatwa Pichani

Asubuhi hiyo wodi ya wazazi ilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Mkunga alikunja shuka, akazikunjua, akazikunja tena. Wajawazito sita walikuwa waje kupimwa. Hakutokea hata mmoja. Mwanga wa dirishani ulikuwa mweupe mzito, naye alijiona anaelea ndani yake, miguu haigusi sakafu.

Mfagizi ndiye aliyemletea simu. "Dada, tazama mwenyewe. Mtaa mzima wanayo."

Ilikuwa picha yake ya ujana, amekumbatia kichanga, macho ameyapeleka pembeni kama mwizi. Chini yake maandishi mekundu: *Huyu ndiye anayeiba watoto wetu.*

Kichanga kile kilikuwa mtoto wa mdogo wake, ambaye sasa ni marehemu. Huko pembeni alikokuwa akitazama, mdogo wake alikuwa kitandani, amenyoosha mkono kumshika mwanawe mguu. Mtu alikuwa amemkata asionekane pichani. Kuitwa mwizi kulimuuma, lakini kuondolewa kwa mdogo wake ndiko kulikomuuma zaidi. Alihisi amefiwa mara ya pili, safari hii bila matanga.

Mchana alifika binti aliyekuwa kichanga kile, sasa mjamzito wa miezi minane, kwapani ana picha nzima aliyoitungua ukutani kwake.

"Mama mkubwa, ni mimi niliyeiweka mtandaoni, siku ya kumkumbuka mama. Nisamehe."

"Hukukata wewe. Kaa, usisimame na tumbo hilo."

Wakaketi kwenye benchi la nje, picha magotini. Wapita njia wakapunguza mwendo, kama watu watembeao ndani ya maji.

"Mtoto aliyeibwa ndiye mimi," binti akawaambia. "Ameniiba miaka ishirini na sita, na bado ananigombeza nisipokula."

Baadhi walicheka, nyuso zikalegea. Mwanamke mmoja akasonya. "Hata hiyo mmeitengeneza."

Binti alitaka kuinuka, mkunga akamshika. "Mwache aende."

Kabla jua halijatua walikuja wajawazito wawili kati ya wale sita. Mmoja aliinamia picha, akaweka kidole juu ya ule mkono.

"Na huyu?"

"Mdogo wangu," mkunga alisema. Akamsimulia alivyokuwa akicheka hadi kwikwi zimshike, huku akimwingiza mjamzito huyo wodini na kumpandisha kitandani taratibu. Kisha akainama, akatega sikio tumboni mwake kusikiliza moyo wa mtoto.