Siku Kumi Bila Kufoka

Binti yangu alinipa siku kumi. Tangu nilipomfokea mjukuu wangu kwa kumwaga kopo la vifungo, hakuletwa tena kwangu. "Mama, kaa siku kumi bila kufoka, nitamleta. Ukishindwa, basi." Akakata simu. Jamani, mimi niliyemzaa!

Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kufungua duka langu la ushonaji, nilikuwa nakaa sakafuni mbele ya mtawa mmoja wa Kibudha. Alitufundisha mambo manne ya kuangalia: mwili; hisia, tamu au chungu; hali ya akili; na mwisho yale yanayopita akilini, yanavyokuja na kwenda. Usiyafukuze, usiyafuate. Weee! Goti linawaka, mgongo unauma, na mzee wa pembeni anavuta kamasi bila kupumzika. Nilitaka kumrushia mto.

"Unaona nini?" mtawa akaniuliza siku ya nne.

"Naona napoteza muda."

"Vizuri. Na hilo liangalie."

Alinichosha kabisa yule mtu. Hata hivyo, siku ya tisa ikapita salama, ingawa sindano mbili zilinikatikia na mteja mmoja nusura anitie wazimu.

Siku ya kumi binti yangu akaja dukani na mtoto. Miaka mitano, meno ya mbele hana. Nikamkumbatia mpaka akalalamika. Tulipogeuka kuongea ya watu wazima, nikasikia mkasi. Lo! Satini ya gauni la bibi harusi, niliyoihangaikia wiki nzima, imekatwa katikati.

Damu ikanipanda. Nikaanza haraka haraka: mwili, nyayo ziko sakafuni, taya limekaza. Hisia, chungu kama shubiri. Akili, inawaka moto. Na yale maneno yaliyokwisha kujipanga mdomoni, nikayatazama tu, hadi yakaanza kuondoka yenyewe. Sikufoka! Binti yangu alinitazama, machozi yakimlengalenga. Kichwa kikanivimba, kidogo nijipigie makofi.

Kisha nikamtazama mtoto. Alikuwa amefumba macho na kuziba masikio kwa viganja vyote viwili, mabega yamempanda. Nikamwita taratibu. Hakunisikia.

"Mama," akauliza kwa sauti kubwa, macho bado kafumba, "bibi ameshamaliza?"