Kichwa, Wala Si Mkia

...na dagaa wenyewe leo wamejaa mchanga, ukivunja kichwa hiki ukakitupa kwenye gazeti unakuta kingine kimekutolea macho, na nyanya zimebaki mbili, na Gaudens akirudi kutoka kwenye viatu vyake vya mitumba Mchikichini atataka mchuzi mzito kama vile nyanya zinaota kitandani, ndivyo Severa alivyokuwa anawaza, kigoda chini yake, maji ya ugali yameanza kuimba kwenye jiko la mkaa pale koridoni, wakati Chiku wa chumba cha mbele alipokuja kumsimamia na kanga yake begani, "Mama Redempta, ya mwanao umeyasikia?" kwa ile sauti anayotangazia msiba na harusi, maana Chiku sauti ya katikati hakupewa, "sijasikia kitu, mwanangu yuko ndani anaumwa tumbo," "Tumbo! Tumbo la wapi, shoga, kapigishwa magoti darasani mpaka kengele, Najma wangu kaniambia mwanzo mwisho," na dagaa mmoja akabaki katikati ya vidole vya Severa, kichwa hakijatoka, kumbe tumbo ndilo hilo, kumbe ndiyo maana kaingia bila shikamoo, kalala na sare, na mama mtu badala ya kuuliza akamwambia unatega kazi wewe, amka ukaoshe sufuria... "basi Mwalimu Uledi alikuwa anarudisha majaribio ya hesabu," Chiku anasema, "kaita wa kwanza, kaita wa pili, kafika mwisho, akasema na aliyeshika mkia, kama kawaida yake, ni Redempta, na mwanao badala ya kwenda kuchukua karatasi kasimama wima, eti mwalimu, mimi ni kichwa, mimi si mkia," na hapo Chiku akaziba mdomo kwa kanga, anacheka, anajuta kucheka, anacheka tena, "darasa zima likaanguka, mama Redempta, si unajua Uledi ni Simba damu? Na Jumamosi wamefungwa?"

Anajua, nani hajui, ukikaa Kariakoo hata kama mpira huutaki mpira unakutaka wewe, Yanga wakishinda watu wa Simba wanaitwa mikia kuanzia Msimbazi mpaka Jangwani, wanaitwa mikia sokoni, wanaitwa mikia kwenye foleni ya maji, na mtoto wa chekechea analijua tusi hilo kabla hajajua a e i o u, kwa hiyo mwalimu wa watu, ambaye tangu Jumamosi hajapumua, akaona katoto ka darasa la pili kametumwa kutoka nyumbani kuja kumsimanga, baba yake Yanga huyo, kasema, nawajua, baba yake Yanga! Gaudens! Gaudens ambaye Jumamosi alilala na njaa akiangalia ukuta, ambaye jezi yake nyekundu ya Simba inaning'inia kwenye kamba hapo nje, angesikia kasingiziwa Uyanga angeenda kushtaki, ingekuwa siku nyingine Severa angecheka mpaka akae chini, ila Chiku hajamaliza, "mwalimu kasema kesho uende, na mtoto asimame mstarini, shule nzima, aseme mimi ni mkia, nisameheni," halafu akashusha sauti, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, "na wewe nawe, hayo maneno yenu ya asubuhi ndiyo yamemponza, sisi huku ukutani tunayasikia, mimi kichwa, mimi kichwa, wenzako tunasoma dua zetu kimya kimya," "Chiku, dua yako naisikia mpaka chooni," "haya, mimi nimefikisha," akaenda zake.

Maneno ya asubuhi... wala hayakuanza kwa maono, Severa si mtu wa maono, yalianza siku aliyomkuta Redempta anafunga viatu huku anajisemea polepole mimi mjinga, mimi mjinga, kila tundu la kamba neno moja, akasema hapana, katika nyumba hii hapana, tangu hapo kila asubuhi anachana nywele anauliza, wewe nani? Mtoto wa Mungu. Kakuumbaje? Vizuri. Wewe ni nini? Kichwa, wala si mkia, neno la Biblia hilo, nduguye Deo anayasema na povu la dawa ya meno, Adela mdogo wao ambaye hajui hata kusema maji anasema tiwa, tiwa, na Gaudens anaitikia yote isipokuwa lile la mwisho, akifika kwenye mkia anakohoa, aliwahi hata kuomba libadilishwe, eti waseme wala si kisigino, Mungu ataelewa... na Severa hajawahi kujiuliza kama anayaamini, ni kama kupiga mswaki, unapiga, basi, je, kama Chiku kasema kweli, je, amemvika mtoto kilemba ambacho dunia itakivua mbele za watu, aache tu, kesho waombe radhi, kuanzia keshokutwa wachane nywele kimya...

Kimya kama cha kwake, kidato cha tatu, mwalimu wa fizikia aliyewapanga kwa alama, dawati la mwisho karibu na mlango likaitwa mkiani, wewe Severa rudi mkiani kwako, mwaka mzima, na hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana, alikaa tu pale mpaka pakawa kwake, akaacha kunyoosha mkono, na mpaka leo kwenye kikao cha wapangaji jibu analo mdomoni anangoja mwingine aseme, maana kule hakukuwa na mtu wa kumuuliza asubuhi wewe nani... akakivunja kichwa cha yule dagaa. Hapana. Hesabu mtoto hajui, ni kweli, mbili mara saba inamtoa machozi, hilo litafundishwa hapa hapa, kwa vichwa hivi hivi vya dagaa, paka watangoja, na kumjibu mwalimu mbele ya wenzake si adabu, radhi ya hilo ataomba, na mama yake ataomba naye, magoti yapo, ila lile neno halisemwi, si mstarini, si chumbani, hata Uledi afungwe mabao kumi, haiwezekani Mungu amwite mtoto kichwa asubuhi halafu Severa aende saa moja na nusu kumsaidia mtu kumwita mkia.

Unga ukaingia, mwiko ukazunguka, Gaudens akaingia na mfuko wake wa viatu, Chiku keshamdaka mlangoni bila shaka maana alianza kabla hajakaa, "aombe tu yaishe, mama Rede, mwalimu ni mwalimu, neno haliui," "haliui? Mbona wewe Jumamosi ulikufa?" Gaudens akavua viatu, akavipanga vizuri kuliko kawaida yake. Severa akageuza ugali kwenye sinia, dagaa pembeni, akaita, "Redempta, toka, tumbo limepona," mtoto akatoka na sare iliyokunjamana, magoti bado yana vumbi la darasani, hatazami mtu, "wewe nani?" asubuhi ilishapita, hii ni jioni, swali limekuja si saa yake, "nakuuliza, wewe nani?" "Mtoto wa Mungu," kwa sauti ya kutafuta mlango, "wewe ni nini?" na hapo mtoto akatazama ugali, Severa akafungua mdomo amsaidie akaufunga, mkaa ukalia tiki, na Gaudens, Simba wa kuzaliwa, hakukohoa, "kichwa," akasema Gaudens, "wala si..." akameza mate kama mtu anayekunywa mwarobaini, akamaliza mwenyewe, "wala si mkia," na Deo akadakia, Adela akasema tiwa, na Redempta akacheka, akalisema, lote, Chiku wa mbele alisikie. Haya, mikono. Severa akawahesabu kama kila jioni kabla hajakata tonge lake, Gaudens yupo, Deo yupo, Adela yupo, Redempta yupo, na yeye mwenyewe, ambaye siku zote husahau kujihesabu, yupo.