Mwenye Koti

Yuliana alikuwa kibarazani kwake Keko, katikati ya karakana mbili za makochi, akifumua mkono wa koti la kijivu, mwenye koti alipobisha hodi. Ilikuwa magharibi. Alikuwa mzungu wa makamo, kavaa fulana ya ndani na soksi, na vumbi la mbao lililotua juu ya kila mtu pale halikutua juu yake. Yuliana akajua ni marehemu, akamkaribisha.

"Hilo koti ni langu," mzungu akasema kwa Kiswahili safi. Wafu hawana shida ya lugha.

Koti lilitoka kwenye belo la mtumba la Tandika. Makumbusho mapya ya Temeke yalitaka sare za wafanyakazi zisizochafua mazingira, na meneja wake, Bwana Gervas, alikataza kununua hata shubiri moja ya kitambaa kipya. Yuliana aliipenda kazi hiyo kwa sababu zake. Ndani ya makumbusho mlikuwa na sanduku la kioo lenye picha ya kinyago alichochonga babu yake kule Newala. Kinyago chenyewe kilichukuliwa enzi za ukoloni, kikaenda Ulaya. Alikuwa amekusudia kwamba siku ya kukabidhi sare atamwomba Gervas adai kinyago hicho kirudishwe.

"Kwani kwenu ndugu hawagawiwi nguo za marehemu, siku ya kumaliza matanga?" akauliza.

"Walizitia kwenye sanduku la misaada la kanisa. Mie sikuulizwa."

Nusu ya koti ilikwishakuwa kizibao cha Demetria, bawabu wa makumbusho. Yuliana hakujua la kufanya, akampigia Gervas simu. Gervas akaja mbio, akamsalimia marehemu kwa mikono miwili na kumwomba radhi.

"Rudisha, mama. Cha mtu mavi, hakiguswi. Makumbusho tukijulikana tunavaa vitu vya watu, tutaficha wapi sura zetu?"

Yuliana akaliunga koti upya. Mzungu akalivaa, akapapasa mifuko, akaridhika. Akaletewa chai, na katika mazungumzo akasema kwamba Jumapili alikuwa akiwapeleka wanawe makumbusho ya mji wao kutazama kinyago chenye nywele za kweli, kilichomeguka sikio la kushoto.

Yuliana akaacha kumimina. Sikio hilo lilimegwa na patasi ya babu ilipoteleza. Baba yake alilisimulia mpaka uzeeni.

"Hicho ni cha babu yangu."

"Kinatunzwa vizuri sana," mzungu akasema kwa moyo mweupe.

Yuliana akamgeukia Gervas. "Haya, bosi. Mbona cha babu yangu hakiwi mavi?"

Gervas akafuta jasho. "Hiyo ishu nyingine, mama. Inataka kamati."

"Kamati ipo," mzungu akasema. "Ilikuwepo hata nilipokuwa hai."

Akaaga. Yuliana alibaki na birika mkononi, kichwa kimevurugika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi.

Habari hazichelewi kwa wafu. Kila magharibi wakaja wengine: mwenye suruali, mwenye shati, bibi mmoja mwenye shuka. Gervas akaamuru wote warudishiwe. Makumbusho yakafunguliwa Demetria akiwa mlangoni na gauni lake la kanisani, na mgeni rasmi akasifu sana, akasema hakuna sare isiyochafua mazingira kushinda ile isiyokuwepo.

Jioni moja, nyuma ya wazungu watatu, alisimama mzee wa Kimakonde, kichwa wazi, patasi mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nasikia hapa mtu anarudishiwa kitu chake."

"Wanarudishiwa, babu."

"Haya. Napanga foleni."

Wa mbele yake wakavaa vyao, wakashukuru, wakaenda zao. Akabaki yeye. Yuliana akamsogezea kochi ambalo fundi hajalivika kitambaa, naye akakaa juu ya mbao tupu.

Yupo mpaka leo. Gervas akipita humwamkia shikamoo kwa adabu zote na kumwambia kamati haijakaa. Babu humwitikia marahaba.