Kigingi cha Njia Panda

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti kwenye kibaraza cha mgahawa, akimkanda kinyozi kifundo cha mguu kwa kitambaa chenye maji baridi, wenzao wa matembezi walipoanza kutokea kwenye njia ya mto. Walikuja wakicheka, viatu vimejaa matope, wakimtania kinyozi tangu mbali. Fundi aliwatazama mmoja mmoja wakipanda ngazi. Mzee Dira, kiongozi wao, alikuwa ameshavua kofia na kuagiza chai, na nyuma yao njia ilikuwa tupu.

"Baba yuko wapi?" aliuliza.

Dira alimgeukia. "Si uko naye wewe?"

Kabla hujamlaumu mtu, sharti ujue watu hawa wanavyotembea. Kila Jumamosi mchana hushika njia nyepesi, zile ambazo hata mwenye kitambi hazimtoi jasho: mbuga ya nyasi kidogo, msitu kidogo, kisha ukingo wa mto mpaka mgahawa wa darajani. Dira, mwalimu mstaafu wa jiografia, hutangulia. Yeye ndiye kichwa. Mtu mmoja hukaa nyuma ya wote, asiachwe mtu. Huyo wanamwita mkia. Na kila wafikapo njia panda, yule aliye nyuma ya Dira hubaki pale kuwaonyesha wengine pa kupita. Huyo ndiye kigingi, na kigingi hakiondoki mpaka mkia ufike. Ni utaratibu mzuri. Haujawahi kumpoteza mtu, na wao huusifu mbele ya wageni kama mama anavyomsifu mwanawe aliyeshika namba ya kwanza.

Leo mkia alikuwa fundi. Na kinyozi, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alikuja na viatu vipya vya ngozi, vyenye ncha, vya kwendea harusini. Msituni aliteleza juu ya mzizi, kifundo kikavimba palepale. Fundi akampigia Dira simu: kinyozi kaumia, namtoa kwa upande wa barabara, tutapata gari, nyuma yetu hakuna mtu. Dira akasema sawa, poleni sana. Wote wawili wakakata simu roho safi. Hakuna aliyekumbuka kwamba mbele yao, pale njia inapotoka msituni na kugawanyika mtoni, palikuwa na kigingi kinachongoja mkia usiokuja.

"Alikuwa nyuma yangu mimi," Dira alisema, kikombe mkononi. "Nikamwambia, mzee wangu, shika zamu hapa. Alifurahi kweli. Sasa hofu ya nini? Mtu mzima yule. Akiona kimya atatufuata."

Dira hakujua, na aliyemficha ni fundi mwenyewe. Baba yake alikuwa anasahau. Wala si kule kusahau miwani kichwani tunakochekana wote. Mara mbili alitoka dukani kwa fundi akisema anakwenda kununua gazeti, akakutwa stesheni ya zamani, amekaa kwenye benchi, anangoja treni iliyoacha kupita siku nyingi. Asubuhi aliuliza mkewe kaenda wapi, akaambiwa alishafariki, akalia; na kabla ya chai kupoa akauliza tena. Siku hizi fundi alimkalisha kando ya cherehani, kati ya marobota ya kitambaa cha sare za shule, akampa kopo la vifungo avichambue kwa rangi. Wateja wakitazama sana, alisema, "Mzee anapenda kunisaidia."

Kaka yake hakudanganyika. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alimwambia. Alitaka kumchukua baba kwake mjini, kwenye nyumba yenye geti na kufuli, asitoke nje bila mtu. Fundi alilia, akagomba, akaapa. Baba yao ni mtu wa miguu. Mfungie ndani na umekwisha kumuua, ila tu utakuwa unampa chakula. Mwishowe wakapatana. Akipotea hata mara moja nyingine, kaka atakuja na gari, na fundi hatafungua kinywa.

Sasa fundi alimtupia kinyozi kitambaa mapajani. "Jikande mwenyewe."

"Mimi tena nimefanya nini?" kinyozi alilalamika, lakini fundi alikuwa ameshashuka ngazi.

"Twende nawe?" Dira alipaza sauti.

"Hapana! Kunyweni chai!"

Hofu ilikuwa inamsihi akubali, aibu ikamjibia.

Jumamosi nyingine njia ile ya mto ilimtuliza. Angetembea akisikiliza maji, akasahau mapazia ya watu na suruali za kupunguzwa kiuno. Leo aliiona kwa jicho jingine. Ukingo ulikuwa umelika, matope yalikuwa laini, na maji, ambayo siku zote aliyaona ya upole, yalikuwa ya kahawia na hayaonyeshi chini. Kitu cheupe kilikuwa kimenasa kwenye matete, akasimama kukitazama. Ulikuwa mfuko wa plastiki. Akaendelea kukimbia, mkono mmoja umeshika ubavu.

Baba hakuwa na simu. Alikuwa nayo, tuseme kweli, lakini aliifungia kabatini isije ikapotea.

Ikalia ya fundi. Kaka.

"Vipi huko? Mzee anaendeleaje?"

"Yupo. Anakunywa chai."

"Mbona unahema hivyo?"

"Si tunatembea, kaka. Ulitaka niimbe?"

"Anakunywa chai au anatembea?"

"Vyote viwili. Nitakupigia." Akakata, akaongeza mwendo.

Wingu zito lilikuwa limesimama juu ya msitu. Alijaribu kufikiri baba angekwenda wapi. Angeweza kushika njia ya kulia, inayoteremka kwenye kinamasi. Angeweza kurudi msituni akidhani anakwenda kazini. Angeweza kumwona mtu ng'ambo ya mto akamdhania mkewe, na hapo fundi alikataza mawazo yake yasiende mbele zaidi, yakaenda hivyo hivyo.

Alipokata kona akakutana na mwanamke anayesukuma baiskeli yenye mzigo wa majani ya mifugo.

"Dada, samahani, umekutana na mzee? Mrefu, ana fimbo?"

"Yule anayeonyesha njia?" mwanamke akacheka. "Nimemwacha pale njia panda. Kaniambia nishike ya mtoni, ile nyingine itanizamisha na baiskeli yangu. Mzee ana adabu huyo! Ni jamaa yako?"

"Baba yangu mzazi," fundi alisema, na nusura aikumbatie ile baiskeli.

Alishukuru mpaka mwanamke akaona haya. Kisha akaenda kwa mwendo wa kawaida, akajifuta uso, akafunga kilemba upya. Furaha ilimpanda kichwani. Baba ameambiwa simama, na amesimama! Anajua ipi njia njema na ipi mbaya, anawaongoza wageni! Si ajabu, maisha yake yote alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli. Alishusha kizuizi, akangoja behewa la mwisho lipite, hata wenye magari wamtukane vipi, ndipo akakiinua. Fundi alianza kupanga maneno ya kumwambia kaka. Mtu asiye na akili zake hashiki zamu, angemwambia. Mtu wa kufungiwa geti haonyeshi watu njia. Alijiona ameshinda, akatabasamu peke yake kama mwehu.

Na kweli baba alikuwepo. Alisimama wima palepale njia zinapoachana, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, fimbo mbele yake, macho yameelekea msituni. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanampiga mabegani, wala hakujali.

"Shikamoo baba!" fundi aliita tangu mbali.

"Marahaba, marahaba." Aligeuka kidogo, akampa uso mwema. "Umetoka mtoni, basi njia umeshaiona. Kama unakwenda barabarani, pita hapa msituni, usiogope, ni njia nyepesi."

"Baba, twende. Wote wamefika. Wanatungoja."

"Tangulieni. Mimi niko kazini."

"Baba, ni mimi."

Alimtazama. Alimtazama kwa makini, kwa heshima, kama mtu anayetafuta namna ya kutomwudhi mgeni. "Siku hizi kila mtu ananiita baba," alisema. "Nashukuru. Lakini siwezi kuondoka, mama. Namngoja binti yangu. Yeye ndiye mkia, yuko nyuma huko."

 Maneno yote fundi aliyoyapanga njiani yalikuwa ya kumwambia kaka. Ya kumwambia baba hakuwa nayo. Alimshika mkono, mkono wa baridi na umelowa. Mzee alimwachia amshike, lakini miguu yake haikusogea hata kidogo.

"Huyo binti yako," fundi aliuliza, "yukoje?"

"Mwoga!" Mzee akacheka, na kicheko kilikuwa kilekile cha siku zote. "Tangu mdogo. Sasa ananiogopea mimi. Akinitazama hivi, utadhani mimi ni maziwa yaliyo motoni, akipepesa jicho nitafurika. Anawaficha watu kwamba nasahau. Anadhani sijui." Akapangusa mvua usoni. "Nasahau, ni kweli. Leo mchana kutwa najiuliza mgahawa wenyewe uko wapi. Lakini najua nimewekwa hapa, na najua nani hajapita. Nikiondoka, akafika akakuta hakuna mtu, atababaika. Mvua hii, na msitu ule. Hapana."

Simu ilitetemeka mfukoni mwa fundi. Aliiacha ikatetemeka mara ya kwanza. Ya pili akaipokea.

"Kaka," alisema, "nilikudanganya. Hakuna chai. Njoo na gari mpaka pale msitu unapokutana na barabara, halafu uteremke kwa miguu. Uje na koti lake." Akasikiliza. "Ndiyo. Ndiyo, kaka. Nimekubali."

Alipoirudisha simu mfukoni hakuweza tena kujizuia. Alilia kwa sauti, amesimama njiani, mvua inamnyea. Mzee alimtazama kwa wasiwasi, kisha akasogea hatua moja, moja tu asiache zamu yake, akamwekea mkono begani.

"Usilie, mama," alimwambia. "Atapita hapa sasa hivi. Huyo hajaniacha hata siku moja."