Mpangilio wa Valvu Nne

Mhandisi alipofika kituo cha maji, Bi Valvu alianza kwa kuhesabu zana zake. Nyundo moja, spana kumi na mbili, tochi mbili. Tochi mbili za nini, na mtu ana macho mawili tu?

Jina la Bi Valvu alipewa na mji mzima, na lilimfaa. Kituoni mle mlikuwa na valvu kubwa nne, na mpangilio wa kuzifungua haukuandikwa popote. Watu wa ng'ambo ya mpaka waliutawala mji huo miaka sitini. Siku walipoondolewa walifunga maji, wakabeba michoro yao, wakaenda zao. Mji ukanywa tope siku arobaini, mpaka babu yake Bi Valvu, aliyekuwa mfagizi pale, alipojaribu na kujaribu akaupata mpangilio. Mama yake, wakati huo mtoto wa miaka saba, alikuwa ameshafiwa na wadogo zake wawili. Tangu hapo siri ilikaa ndani ya ukoo, kwa kiapo. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo wenyewe leo ulikuwa mlangoni, umetoka ng'ambo ileile, umevaa kofia ya plastiki, unatabasamu.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukarabati valvu. Nadhani barua mmeipata."

"Marahaba. Tumeipata."

Barua ya wizara ilitaka mgeni apewe ushirikiano wote. Wizara haikunywa tope.

Siku mbili mhandisi aliuliza hili na lile: pampu ina umri gani, maji hupungua saa ngapi, funguo anazo nani.

"Za nini, hizo habari za funguo?"

"Ili nijue nimuombe nani, mama."

Jibu lilikuwa zuri mno. Bi Valvu hajawahi kuyaamini majibu mazuri mno.

Siku ya tatu mhandisi akasema, "Kabla sijazikarabati lazima nizione zikifanya kazi. Mnaanza na ipi?"

Machale yakamcheza Bi Valvu. Kama michoro ya zamani wanayo huko kwao, huyu anampima. Kama hawana, amekuja kuiba. Akaamua kumtegea.

"Anza na ya tatu."

Aliyeijua michoro asingethubutu kuigusa ya tatu kwanza, maana maji yangerudi kwa kishindo. Akisita tu, urafiki wote ule ni danganya toto. Bi Valvu alikusudia kumzuia mapema. Lakini mhandisi hakusita. Aliushika usukani wa valvu akauzungusha, na Bi Valvu, kwa kutaka kuwa na hakika kabisa, akachelewa kufungua mdomo. Bomba likanguruma, usukani ukarudi kwa nguvu ukampiga mhandisi kifundo cha mkono, akaanguka. Bomba likapasuka, maji yakaruka hadi darini.

Bi Valvu alimwinua, akamkalisha juu ya ndoo. Mkono ulikuwa umeshaanza kuvimba. Simu ikalia, alikuwa meneja wa kituo, anataka kujua kwa nini zahanati haina maji na wapo wazazi wawili wodini. Bi Valvu akaishusha simu kutoka sikioni. Mhandisi akanyoosha mkono uliokuwa mzima, akaichukua simu.

"Bomba lilikuwa kuukuu, bosi. Mimi ndiye sikulikagua."

Alipokata simu, Bi Valvu akamuuliza kwa nini amesema hivyo.

"Wakikufukuza wewe, nani atafungua maji?" Akaugulia kidogo. "Nyumbani waliniambia mtanidanganya kila neno. Nikasema siwezi kufanya kazi na mtu huku namshuku."

Bi Valvu aliona haya mpaka masikio yakamuwaka. Pamoja na haya hiyo, aliogopa vilevile, kwani sasa mtu wa ng'ambo alikuwa na siri ya kosa lake mkononi.

Wakalifunga bomba kwa mpira na waya. Kisha mhandisi akageuka, akaelekeza uso ukutani. "Fungua, mama. Siangalii."

Akafungua. Ila kila alipoigusa valvu alikohoa kwa nguvu, na katikati alizunguka chumba mara mbili akikanyaga kwa vishindo, ili masikio ya mgeni yasihesabu hatua zake. Mhandisi hakugeuka. Maji yakaenda zahanati.

Jioni mama yake alikuwa akimngoja kibarazani.

"Umempa?"

"Sijampa."

"Amechukua mwenyewe?"

"Sijui, mama. Nimemvunja mkono."

Bi kizee akatazama miguu yake.

"Upi?"

"Wa kulia."

"Wa kuandikia," akasema mama yake, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Vizuri."

Bi Valvu alitaka kumkemea. Hakuweza, kwa sababu neno hilohilo alikuwa ameliwaza yeye kwanza, kule kituoni, kabla hata hajamkimbilia yule mtu pale chini.